Asali ya Wakwe: Siku Saba kutoka Tabora hadi Ujiji

Siku ya kwanza: Tabora

Niliingia Tabora asubuhi ya mwezi wa Septemba, wakati nyasi zote zimekauka na kitu pekee chenye furaha mjini ni miembe, iliyokuwa imeanza kuchanua. Safari yangu ilikuwa na kazi moja. Mtoto wa marehemu kaka yangu alikuwa amepata mchumba Ujiji, na ukoo ulinichagua mimi na dada yangu mkubwa tuipeleke mahari. Bwana harusi anafanya kazi Dar es Salaam, michango ilikusanywa katika kundi la WhatsApp la ukoo, na fedha zote zilikuwa zimekwisha kuingia katika simu yangu. Kwa hesabu zangu kazi iliyobaki ilikuwa kukata tiketi ya treni.

Dada, ambaye nyumba nzima humwita Shangazi nami nitamwita hivyo, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Na asali iko wapi?" Nikamwambia kwamba sokoni nimeona asali nzuri ya Tabora, ndani ya chupa zenye lebo na alama ya ubora. Akatikisa kichwa. "Hiyo ni ya wageni, mdogo wangu. Sisi tunakwenda kwa wakwe."

Ndipo nikajua kwamba hatuondoki kesho. Alasiri nikatembea mjini, kupitia Gongoni hadi karibu na boma lililojengwa na Wajerumani. Katika mji huu, Januari 1893, Mtemi, yaani chifu, Isike wa Unyanyembe alipoona Wajerumani wameingia ngomeni kwake, alijilipua kwa baruti yake mwenyewe kuliko kukamatwa. Miaka 70 baadaye, 1963, serikali ya Tanganyika huru ilifuta utawala wa machifu kwa sheria, na miongoni mwa watu waliokuwa wamekaa katika baraza la mawaziri la mwanzo la nchi hiyo alikuwemo Abdallah Fundikira, mtemi wa Unyanyembe aliyesoma Makerere. Kiti kikafutwa, lakini jina halikufutika. Mzee mmoja niliyeketi naye kivulini kunywa kahawa alilitaja neno "mtemi" mara nne katika mazungumzo ya nusu saa, na hakuna hata mara moja aliyokuwa akizungumzia historia.

Nilimuuliza kuhusu miembe, kwa kuwa mgeni yeyote anayefika Tabora huiona kuwa ndiyo mji wenyewe. Akajibu bila kusita kwamba ni miti ya asili, ya mababu. Sikumbishia, maana nilikuwa nimekaa chini ya kivuli chake. Lakini embe lilitoka Bara Hindi, likapita pwani, na likaingia Unyamwezi kwa njia ileile ya misafara ya Waarabu na Waswahili iliyouanzisha mji huu katikati ya karne ya 19, pamoja na Kiswahili tulichokuwa tukizungumza mzee yule na mimi. Tangu hapo swali hilo likanifuata njia nzima: kitu kikae miaka mingapi hapa ndipo kiitwe cha mababu?

Siku ya pili: Sikonge

Sikonge iko kusini mwa Tabora, safari ya basi isiyozidi saa mbili. Kutoka hapo tulichukua pikipiki mbili, Shangazi akiwa mbele, ameketi upande na kushika kilindo mapajani. Kilindo hicho ni cha bibi yetu mzaa baba. Ni chombo cha gome la mti lililokunjwa duara, likashonwa kwa uzi wa magome, likatiwa kitako na kifuniko cha gome hilohilo. Kimekuwa cheusi kwa moshi wa miaka mingi, na ukikigonga kwa ukucha kinalia kama ngoma ndogo.

Mrina asali tuliyemwendea anamfahamu Shangazi tangu alipokuwa akisoma shule ya msingi. Walisalimiana "mwangaluka" kwa zamu, huku Shangazi akipiga goti na kugonganisha viganja polepole, na mimi nikasubiri, kwa sababu salamu za namna hiyo hazikatizwi na mtu anayetazama saa. Baada ya uji tukaingia msituni.

Misitu ya miombo ukiitazama kutoka kwenye basi huonekana kuwa mti mmoja uliorudiwa mara milioni. Kwa mrina asali kila mti una jina na sababu ya kuwa mahali pale. Alituonyesha mzinga aliokuwa akiumalizia. Gome la mti uitwao mtundu huvuliwa wakati wa mvua, maji ya mti yanapopanda. Hukatwa pete mbili, moja juu na moja chini, kisha mstari mmoja wa wima, na gome hubanduliwa taratibu kwa kabari ya mti hadi linatoka zima kama shati. Hurudishiwa umbo lake la duara, hubanwa kwa vijiti vilivyochongwa, na ncha zake mbili huzibwa kwa vifuniko vya nyasi vyenye tundu la nyuki. Mzinga hauna msumari wala gundi.

Hatua chache kutoka hapo ulisimama mti wenyewe, mweupe, umekauka. Mti uliovuliwa gome kwa pete hufa, na hiyo ndiyo lawama kubwa ambayo maofisa wa misitu na wa nyuki wamekuwa wakiitoa kwa miaka mingi. Nilimtajia mzee lawama hiyo nikidhani atakasirika. Hakukasirika.

"Ni kweli, unakufa," alisema. "Lakini tazama mingine yote iliyosimama. Wakulima wa tumbaku wanataka kuni za kukaushia, wachoma mkaa wanataka magogo. Mimi peke yangu hapa ndiye ninayetaka mti usimame."

Mizinga ya masanduku anayo pia, 6, aliyopewa na kikundi chao. Minne ina nyuki, miwili ilivunjwa na nyegere kwa sababu ilitundikwa chini. Ule wa gome hutundikwa juu sana na humgharimu siku moja ya kazi; wa sanduku unahitaji mbao, seremala na fedha. Hata hivyo hakuusema vibaya. Alisema tu kwamba nyuki hawasomi.

Msimu wa kurina ulikuwa ukingoni, lakini alikuwa amebakiza mizinga miwili. Jua lilipoanza kushuka alivaa vazi jeupe la kisasa lenye wavu usoni na glovu za mpira, akawasha mwenge wa magome makavu, kisha akavua viatu. Nilipomuuliza sababu alinijibu kwamba viatu havina vidole. Akapanda mtundu mrefu mithili ya mtu anayepanda ngazi ya nyumbani kwake, akapuliza moshi kidogo tu tunduni, akaushusha mzinga kwa kamba hadi chini, na akaanza kukata masega upande mmoja. Upande wenye majana, watoto wa nyuki, hakuugusa.

Moshi ule mdogo ulinishangaza, kwa kuwa nilizoea kusikia kwamba asali ya porini lazima inuke moshi. Akanieleza kwamba wanunuzi wa siku hizi hawaitaki ya moshi. Huja na kifaa kidogo kinachofanana na darubini ya mtoto, huweka tone moja la asali juu ya kioo chake, hutazama kwenye mwanga, na hukataa asali yenye maji mengi kwa sababu huchacha. Hivyo mzinga ni wa babu yake, lakini namna ya kurina imebadilika mikononi mwake mwenyewe: moshi mchache, ndoo nyeupe safi, masega yaliyofunikwa nta peke yake. Sega alilonipa lilikuwa la moto bado, nikatafuna hadi nta ikabaki mdomoni kama ubani.

Tuliondoka na lita 10 za asali ndani ya ndoo ya plastiki yenye kifuniko, na ndoo yenyewe Shangazi aliitumbukiza ndani ya kilindo. Ilienea kana kwamba vilipimwa pamoja.

Siku ya tatu: Kwihara na stesheni

Treni ilikuwa ya usiku, nasi tukawa na mchana mzima. Nikaenda Kwihara, kilomita chache nje ya mji, kuiona tembe ambamo mmisionari David Livingstone alikaa mwaka 1872 kuanzia Februari hadi Agosti, akingoja wapagazi kutoka pwani. Ni nyumba nyekundu ya udongo yenye paa bapa, ukuta mnene na baridi ndani. Nilikaa dakika 20. Kila kitu kiko mahali pake, kimeandikwa, na hakuna anayekihitaji. Nje, mama mmoja alikuwa ameanika matobolwa juu ya turubai, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukatwa vipande, na kwake nilikaa zaidi.

Jambo moja la Kwihara nililiwaza usiku ule. Henry Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta Livingstone, aliondoka Bagamoyo Machi 1871 akafika hapa Juni, miezi mitatu ya miguu, mizigo yake ikiwa juu ya mabega ya watu. Wanyamwezi walijulikana pwani yote kwa kazi hiyo ya upagazi. Mwaka 1873, Livingstone alipokwisha kufa, maiti yake nayo ilipita Unyanyembe mabegani mwa watu, ikiongozwa na watumishi wake Chuma na Susi kuelekea pwani. Reli ilifika Tabora 1912 na kuufunga upagazi kama mtu anavyofunga duka.

Stesheni tuliambiwa treni itaondoka saa tatu usiku. Iliondoka saa saba. Hakuna aliyetangaza sababu, na baada ya saa sita usiku hakuna aliyeuliza. Watu walitandika khanga sakafuni, watoto wakalala, mwanafunzi mmoja akatafuta soketi ya kuchajia simu akakuta wengine saba wamemtangulia. Shangazi alikalia begi lake, kilindo kati ya miguu, na kila aliyepita alikitazama. Bibi mmoja wa Kaliua alisimama, akakigusa, akasema kwao kilikuwepo kama hicho, wakakiwekea mbegu, kisha wajukuu wakakichoma moto kupikia maharage.

Siku ya nne: njiani

Usingizi wa daraja la tatu ni wa vipande. Ninaikumbuka Urambo kwa kelele za wauza karanga gizani. Ni nchi ya Mirambo, mtemi aliyezifunga njia za misafara alipotaka na kuzifungua alipotaka, hadi alipofariki 1884. Kaliua, ambapo njia ya Mpanda inachepuka, niliipita usingizini.

Kulipokucha tulikuwa katika mabonde ya Malagarasi, maji na mafunjo pande zote, na ndege weupe wamesimama bila kujali treni. Nchi hii oevu iliingizwa katika orodha ya Ramsar, ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2000, ya kwanza kwa Tanzania. Wauzaji walikuja madirishani na samaki waliobanikwa, waliotungwa kwenye vijiti, na abiria wakanunua kwa kutupa fedha chini na kudaka samaki juu, kwa ustadi unaoonyesha kwamba treni haisubiri chenji.

Kijana aliyekaa mbele yangu ni fundi wa ujenzi, na alikuwa akienda kutafuta kibarua katika reli mpya ya SGR. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma ulitiwa saini Desemba 2022. Alizungumza kwa raha juu ya upana wa reli hiyo, milimita 1,435, akailinganisha na hii tuliyokuwa juu yake, yenye mita moja kamili, kwa dharau ya mtu anayezungumzia viatu vya mdogo wake. Mzee mmoja, mstaafu wa reli, alimsikiliza kwa subira, halafu akasema kwa sauti ya msiba kwamba ikija hiyo mpya watu watasahau reli ya asili.

Nilimtazama mzee yule kwa upendo, kwa sababu hakuwa akitania. Reli hii iliingia Kigoma Februari 1914 ikiwa kitu cha kigeni kuliko vyote vilivyowahi kupita katika nchi hii. Imeua kazi, imehamisha masoko, imezaa miji pasipokuwa na kitu. Sasa mtu aliyeitumikia maisha yake yote anaiita ya asili, na anaihofia treni ya umeme kama babu yake alivyolihofia garimoshi.

Uvinza tulisimama kwa muda mrefu. Chumvi ya chemchemi za hapa imechemshwa kwa zaidi ya miaka 1,000, kwanza katika vyungu, sasa katika mgodi, na misafara ilikuwa ikiacha njia kuja kuinunua. Shangazi alinunua mfuko mmoja kupitia dirishani. Nikamwambia Kigoma ipo chumvi dukani. Hakunijibu.

Tulifika Kigoma saa sita mchana. Watu huuita mji huu mwisho wa reli, na kweli reli inakwishia chini ya jengo la Wajerumani linalotazama maji. Bandarini ndiyo kwao MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa kwa reli hiihii na kuungwa tena papa hapa. Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na kwa vizazi kadhaa ikawabeba watu wa pwani zote za Ziwa Tanganyika. Kwa watu wa Kigoma hiyo nayo ni bibi yao.

Siku ya tano: Ujiji

Ilikuwa Ijumaa, na kikao kilipangwa baada ya swala ya alasiri. Wenyeji wetu ni Wamanyema, watu ambao wazee wao walivuka ziwa kutoka upande wa Kongo, wengine kwa biashara, wengine kwa minyororo, na wakaufanya Ujiji kuwa mji wa Kiswahili, wa misikiti na wa zikiri, kilomita zaidi ya 1,000 kutoka baharini.

Saa nne asubuhi mshenga alikuja kunieleza utaratibu. Nikamwambia kwa kujiamini kwamba fedha ziko tayari, nipewe tu namba ya babu wa binti nimtumie. Mshenga akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Kaka, babu yetu ameshasema. Pesa ya simu haitaki."

Alikuwa ametoa na sababu. Mahari, kwa maneno ya babu, husemwa, huwekwa, huhesabiwa na kuonekana na mashahidi. Hiyo ya kwenye simu atamwonyesha nani? Nikaenda kutafuta wakala. Wa kwanza hakuwa na fedha taslimu za kutosha. Wa pili alikuwa amefunga kwenda msikitini. Wa tatu alinipa nusu, akanielekeza kwa wa nne, ambaye mtandao wake ulikuwa umekatika na tukaungoja pamoja chini ya mwavuli wake huku jasho likinitoka. Nilirudi na bunda la noti zilizochoka, na Shangazi akazipanga moja moja ndani ya daftari, akalikalia daftari hilo hadi wakati wa kikao.

Barazani palitandikwa mikeka. Sinia liliwekwa katikati, limefunikwa kitambaa cheupe, na fedha zikahesabiwa kwa sauti. Likatajwa fungu la mahari, ambalo ni la binti mwenyewe. Kisha mkaja wa mama. Kisha kilemba cha babu. Kisha likazuka fungu la mjomba ambalo kwenye kundi letu la WhatsApp halikuwa limetajwa na mtu. Nikamtazama mshenga, mshenga akatazama dari. Shangazi akafungua kifundo cha khanga yake na kulitoa bila neno, na hapo nikafahamu kwa nini ukoo haukunituma peke yangu.

Baada ya hapo ndipo babu yuleyule aliyeikataa pesa ya simu akageuka na kuuliza: "Bujumbura wanatuona?" Simu ilikuwa imefungwa kwa kamba kwenye nguzo ya baraza tangu mwanzo. Ndani yake walikuwemo wajomba wawili wa binti walioko Bujumbura na mama yao mkubwa aliyeko Kalemie, ng'ambo ya ziwa, wakifuatilia kila noti. "Tunaona, babu," sauti ikajibu, "ila msogeze sinia kidogo kushoto." Sinia likasogezwa kushoto. Sikuona mtu aliyeliona hilo kuwa kichekesho, isipokuwa mimi.

Kilindo kilitolewa mwisho. Babu alikifungua, akaiona ndoo ya plastiki, akatabasamu, akafungua na ndoo, akachovya kidole. Halafu akakipakata kile chombo, si ndoo, akakizungusha mikononi, akafuata mshono kwa kidole gumba. Akasema hajakishika kitu kama hiki tangu alipokuwa mdogo. Shangazi akamwongezea ule mfuko wa chumvi ya Uvinza, na babu akaupokea kwa mikono miwili akisema hiyo ndiyo njia mliyopita.

Siku ya sita: ziwani

Asubuhi nilipita mahali ambapo Stanley alikutana na Livingstone, Novemba 1871 kwa tarehe inayoandikwa zaidi. Pana mnara na miembe, inayosemekana kuwa vitukuu vya mwembe wa siku ile. Sina la kuongeza.

Jioni shemeji zetu walitupeleka Katonga. Ilikuwa siku za giza, mwezi haujatoka, na hizo ndizo siku za dagaa. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi hupumzika, kwa kuwa taa zao hushindwa kuwavuta samaki. Vipe vilikuwa vikitengenezwa, mitumbwi miwili miwili iliyofungwa pamoja kwa miti ili wavu ushuke katikati. Taa ni za jua siku hizi. Karabai nilizoziona utotoni zinaning'inia ndani ya kibanda, vioo vimevunjika, na mvuvi mmoja aliniambia kwamba hakuna anachokikumbuka kwazo ila harufu yake ya mafuta ya taa, ambayo ilikuwa ikimfukuza usingizi.

Walizungumza zaidi juu ya ufungaji wa ziwa, kwani mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Mmoja alisema ni njaa. Mwingine, mtu mzima zaidi, alisema zamani nao walikuwa na siku za kutoingia majini, zikitangazwa na wazee. Tofauti ni kwamba wazee walikuwa wakiishi nao hapohapo ufukweni. Giza lilipoingia walisukuma vipe, na baada ya muda ziwa lote hadi kwenye milima ya Kongo likawa na mstari wa taa, kama barabara ya mji ambao haupo.

Siku ya saba: stesheni

Chombo cha wakwe hakirudi kitupu. Asubuhi babu alikirejesha kilindo kimejaa dagaa wakavu, wepesi, wenye rangi ya fedha, na juu yake chupa ya mawese iliyofungwa kwa kitambaa. Ndoo alibaki nayo.

Stesheni karani wa mizigo alikipima, kilo 9. Akakitazama, akakizungusha, akatazama kioo cha kompyuta yake, ambapo palikuwa na orodha ya sanduku, gunia, ndoo na boksi. Akamuuliza Shangazi hiki kinaitwaje. Akaambiwa kilindo. Akaandika, mashine ikakataa. Nyuma yetu foleni ilikuwa ndefu na treni ilikuwa imekwisha kupiga honi.

"Mama, niandike nini sasa?"

Shangazi akakipachika kilindo kichwani.

"Andika ndoo," akasema.